Kuinama Si Kuvunjwa Mgongo

Muuguzi akivunjwa kidole na mgonjwa aliyechanganyikiwa, hufungwa bendeji na kuambiwa: "Hiyo ni sehemu ya kazi." Wengine humtupia methali, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Imani hii imetapakaa Nairobi, kutoka hospitali za katikati ya jiji hadi vituo vya afya vya Kangemi na Kawangware. Ni imani potofu. Sisi wauguzi kuinama tulikubali. Kuvunjwa mgongo hatukutia sahihi.

Tazama majeraha yanavyotokea. Usiku analetwa kijana aliyeanguka na bodaboda, kichwa kimepasuka, hajui alipo. Mwingine sukari imemshuka, anapigana na kila anayemgusa. Hawana ukorofi wowote, ni ugonjwa unaowasukuma. Maneno ya upole yakishindwa, kumshika salama mtu kama huyo kwataka watu watano: wanne wa mikono na miguu, na mmoja wa kukilinda kichwa huku akizungumza naye. Wodi yenye muuguzi mmoja na askari wa langoni asiyefunzwa itawatoa wapi? Hapo ndipo sindano ya kumtuliza mgonjwa humchoma muuguzi, naye ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia VVU. Usimlaumu mgonjwa. Mlaumu aliyepanga zamu ile.

Mgonjwa naye huumia. Mtu mmoja mwenye hofu hukaba. Watano waliofunzwa hushika tu.

Mei 2013 wagonjwa wapatao 40 walipotoroka Hospitali ya Mathari ya wagonjwa wa akili, nchi nzima ilishtuka. Muuguzi aking'atwa na mgonjwa saa nane za usiku, nani hushtuka? Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa serikali ndani ya siku 7 baada ya kuarifiwa. Lakini ataarifiwa vipi ikiwa majeruhi mwenyewe ameshaamini kwamba maumivu ni sehemu ya mshahara wake?

Wakubwa wa hospitali, ongezeni watu wa zamu ya usiku na muwafunze, walinzi wakiwemo. Nawe muuguzi mwenzangu, ukiumia, andika kabla hujakabidhi zamu: saa, mahali, mlikuwa wangapi. Jeraha lisiloandikwa ni vigumu kufidiwa, na kesho litampata mwenzako.