Umepiga vibarua miaka minne, mbona CV yako inasema huna uzoefu?

Juzi nilikuwa saiba moja hapa Awasi, kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Kericho, nikingoja zamu yangu ya kuchapisha karatasi. Kando yangu jamaa mmoja alikuwa anaandikiwa CV na dada wa saiba. Alitaka kazi ya karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu. Mambo yalienda sawa, jina, namba ya simu, KCSE, mpaka dada akauliza, “Uzoefu wa kazi?”

Jamaa akakuna kichwa. “Weka hakuna.”

Sasa huyu jamaa namjua kwa sura. Ameendesha bodaboda kwa steji yetu miaka minne. Amebeba saruji, mabati, wagonjwa usiku wa manane na watoto wa shule ambao wazazi wao humlipa kila mwisho wa wiki. Kuna mama wa duka ambaye humpa pesa mkononi akamnunulie bidhaa Ahero, naye hurudi na risiti na chenji. Halafu anasema hakuna.

Nilishindwa kunyamaza. “Omera, huo si ukweli.”

Akacheka. “Boda ni ya kujisukuma tu, buda. Si kazi ya kuandika kwa CV.”

Sikumlaumu, kwa sababu hapo pia mimi nimepita. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ilipowashinda watu wa nyumbani. CV yangu ya kwanza ilikuwa safi kama sahani mpya. Ilikuwa na shule ya msingi, sekondari, chuo, halafu mambo ninayoyapenda: kusoma, kusafiri na kukutana na watu. Walahi, wakati huo nilikuwa sijasafiri kupita Kericho.

Mama aliyenihoji aliisoma kwa dakika moja akaniuliza, “Kijana, kutoka 2019 hadi 2022 ulikuwa wapi?” Nikamjibu nilikuwa nyumbani tu. Uongo mtupu. Miaka hiyo nilifukuza kweleakwelea kwenye mashamba ya mpunga Ahero, nikabeba mawe kwa mjengo, nikahudumu kwa duka la M-Pesa miezi kumi na minne, na nikawa karani wa kituo cha kura kwenye uchaguzi wa Agosti 9, 2022. Hakuna hata moja iliyokuwa kwa karatasi. Kazi ikaenda kwa mwingine.

Basi nikaruka upande wa pili. CV iliyofuata niliweka kila kitu, kazi kumi na moja, kurasa tatu. Niliandika hata siku mbili nilizoosha magari. Mzee aliyenihoji aliifunua funua akauliza, “Wewe hukai mahali?” Sikuwa na jibu. Na ukweli ni kwamba duka la M-Pesa, lile ambalo lingenipa hiyo kazi, lilikuwa limezikwa ukurasa wa pili katikati ya kuosha magari na kuuza miwa.

Makosa hayo mawili ndiyo naona vijana wengi wakirudia. Kuna wanaoficha kila kitu kwa aibu, na kuna wanaomwaga kila kitu kwa wasiwasi. Wote wawili hawajachagua. Mwajiri anayesoma CV yako ana swali moja tu kichwani: huyu akija Jumatatu, kazi hii ataiweza? Kazi uliyowahi kufanya inastahili nafasi kwenye karatasi ikiwa inasaidia kujibu swali hilo. Kama haisaidii, iachie wengine nafasi.

Hili si jambo jipya. Karibu mwaka 1482, Leonardo da Vinci aliandika barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan. Huyu ndiye Leonardo ambaye dunia nzima inamjua kwa picha alizochora. Lakini Sforza alikuwa na hofu ya vita, kwa hivyo barua ilianza na madaraja yanayobebeka, mizinga na njia za kuvunja ngome. Mambo ya kuchora aliyataja mwishoni, kwa maneno machache. Alisoma shida ya mwajiri kwanza, ndipo akapanga ujuzi wake.

Turudi kwa jamaa wa boda. Tangazo la kazi ya stoo lilitaka mtu mwaminifu, anayeweza kuhesabu bidhaa na kuweka rekodi. Nilimuuliza maswali matatu. Kwa siku anabeba mizigo mingapi? Pesa za yule mama wa duka zimewahi kupungua? Na steji ina daftari la michango, nani huliandika? Kumbe mwaka mzima yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kikundi chao cha steji! Hicho kitu hakikuwa kimemjia kabisa. Na ndicho kilichopaswa kuwa mstari wa kwanza.

Ndiyo maana nasema, usiandike jina la kazi ukaishia hapo. “Mhudumu wa bodaboda” pekee haisemi mengi. Sema ulifanya nini, wapi, kwa muda gani na kwa kiasi gani. Kama ulihudumu kwa duka la M-Pesa, sema ulisawazisha pesa taslimu na salio la simu kila jioni. Kama ulifanya mjengo, sema ulichanganya zege, ulisoma vipimo au ulisimamia vibarua wangapi. Kama ulikuwa Kazi Mtaani mwaka 2020, au karani wa sensa ile ya Agosti 2019, hizo ni kazi za serikali zenye mafunzo na muda wa kumaliza. Ziandike kama zinavyostahili.

Vipi kuhusu vile vibarua vya wiki mbili hapa na wiki tatu pale? Vifunge pamoja kwa mstari mmoja: “Kazi za vibarua, Awasi na Ahero, 2019 hadi 2021: kuvuna mpunga, ujenzi, kupakia mizigo.” Pengo la miaka linazibika bila kujaza ukurasa, na ukiulizwa ulikuwa wapi, una jibu la kweli.

Swali gumu zaidi ni la kazi uliyofukuzwa. Mimi nilifukuzwa mahali fulani baada ya wiki tatu kwa kuchelewa, na sijawahi kuiandika. Wiki tatu hazimwambii mwajiri chochote, na CV ni yako kuchagua. Lakini kama ulikaa mwaka mmoja na nusu halafu mkakosana na bosi, usiifute. Ule mwaka na nusu wa ujuzi ni wako. CV haidai sababu ya kuondoka. Ukiulizwa kwenye mahojiano, sema kwa ufupi na usianze kumtukana bosi wa zamani.

Hapa kuna tofauti ambayo watu husahau. CV ni chaguo lako, lakini fomu ya maombi inayokuambia utaje waajiri wako wote, kisha utie sahihi kuwa umesema kweli, si chaguo. Hiyo unajaza yote, hata zile wiki tatu.

Kuacha kitu nje si sawa na kubuni kitu. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa ukaguzi katika taasisi za serikali ulikuwa umefichua zaidi ya vyeti ghushi 2,000. Watu walikuwa wameingia ofisini kwa karatasi za uongo, na EACC imekuwa ikiwafuata wa aina hiyo kortini ili warudishe hata mishahara waliyolipwa. Kwa sisi tulioacha chuo, kishawishi kipo, usidanganyike. Mimi huandika miaka niliyosoma na kozi niliyokuwa nasoma, kisha “sikukamilisha”. Hakuna aliyewahi kunirushia karatasi usoni kwa neno hilo.

Najua utaniuliza, “Sawa, lakini nani ataamini nimefanya hizo kazi?” Swali zuri, na majibu yapo. La kwanza ni sheria. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka, ikiwa ulifanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Cheti hicho kinataja jina la mwajiri, kazi uliyofanya, siku uliyoanza na siku uliyoacha. Hakimlazimishi akusifu, lakini kinamlazimisha akubali kwamba ulikuwepo. Akikataa makusudi, ni kosa la kisheria. Wengi wetu huondoka bila kukiomba kwa sababu hakuna aliyetuambia.

La pili ni wadhamini. Si lazima wawe chifu, pasta na mwalimu mkuu. Mwenyekiti wa steji, fundi mkuu wa mjengo, mama wa duka aliyekuamini na pesa zake, hao wanakujua kwa kazi. Waombe ruhusa kwanza ili wasipigiwe simu wakaanza kuuliza wewe ni nani.

La tatu ni mtihani wa ufundi. NITA, ambayo ina kituo Kisumu, hupima mafundi waliojifunzia kazini, kuanzia gredi ya tatu kupanda hadi ya kwanza. Na mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Kama umekuwa fundi wa pikipiki miaka mitano bila cheti, fuatilia hilo jambo.

Lakini nisiwabebeshe vijana mzigo wote. Takwimu za KNBS huonyesha mwaka baada ya mwaka kuwa zaidi ya asilimia 80 ya walio na ajira Kenya, ukiondoa kilimo kidogo na ufugaji, wako sekta ya jua kali. Maana yake ni kwamba uzoefu wa vijana wengi wa nchi hii uko hukohuko. Sasa mwajiri anapotangaza kazi ya kuanzia maisha, anadai uzoefu wa miaka mitatu, kisha anaitupa CV ya kijana aliyeuza duka miaka mitatu kwa sababu duka halikuwa na barua yenye nembo, anatafuta uzoefu wa nani? Enyi mabosi, ongezeni swali moja tu kwenye mahojiano yenu: “Umekuwa ukijitafutia riziki vipi?” Mtashangaa na mtakayosikia.

Na tuache kuchekana. Ukimwona rafiki ameandika “muuza samaki, soko la Awasi” kwenye CV yake, usimwambie aifute aonekane wa maana. Mtu aliyenunua samaki alfajiri, akawauza kabla hawajaharibika na akarudisha mtaji kila siku, anajua biashara kuliko mimi niliyesoma nadharia yake miaka miwili.

Pale saiba, dada alifuta lile neno “hakuna”. Akaandika mweka hazina wa kikundi cha steji, mwaka mmoja. Chini yake, usafirishaji wa abiria na bidhaa, miaka minne, pamoja na manunuzi kwa niaba ya duka la rejareja. Jamaa aliomba asomewe tena, pole pole. Kisha akalipia nakala mbili, akaziweka ndani ya koti zisiloane na kupiga boda kiki.

Bado hajapigiwa simu, nilimuuliza jana. Lakini keshamwomba mwenyekiti wa steji awe mdhamini wake, na mzee amekubali.