Amonia Imetukosea Nini?

Nimeomba nafasi hii nitoe dukuduku langu kuhusu swali lililotuangusha wengi wa kidato cha tatu katika mtihani wa muhula uliopita. Tuliambiwa tutaje jozi za asidi na besi wenza katika mmenyuko huu:

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Wengi wetu, mimi nikiwemo, tuliandika kwamba amonia na maji ni jozi moja. Kwa nini? Kwa sababu vimeandikwa pamoja, basi! Tukapata sufuri, na jirani yangu wa dawati akaapa kwamba kemia si ya watu kama sisi. Hapo ndipo mimi nakataa katakata.

Maoni yangu ni kwamba tunakariri majina badala ya kutazama kinachohama. Kidato cha kwanza tulishika kwamba besi ni oksidi au haidroksidi ya metali. Sasa amonia haina metali wala oksijeni, lakini katika jaribio la chemchemi sote tuliona maji yenye litmasi nyekundu yakiruka ndani ya chupa na kugeuka buluu. Ubesi huo ulitoka wapi? Jibu lilitolewa mwaka wa 1923 na Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mmoja kivyake: asidi hutoa protoni, yaani H⁺, na besi huipokea.

Hebu tazameni kama mambo ya kukopeshana. Maji yanatoa H⁺ moja, yanabaki OH⁻. Aliyekopesha sasa ni mdai, anaweza kurudishiwa. Kwa hivyo OH⁻ ni besi, mwenza wa maji. Amonia iliyokopa imekuwa NH₄⁺, ina deni la kurudisha, nayo sasa ni asidi. Jozi huvuka mshale, na wenza hutofautiana kwa H⁺ moja tu. Ndiyo maana H₂SO₄ na SO₄²⁻ si jozi hata kama vinafanana sura; mwenza wa H₂SO₄ ni HSO₄⁻.

Na maji haya haya yakikutana na HCl hupokea, yakawa H₃O⁺. Huku asidi, kule besi! Cl⁻ nayo karibu haidai kitu, maana HCl ni mtoaji asiyeangalia nyuma.

Najua wako watakaocheka, ati Kiswahili hakiwezi kubeba mambo ya maabara. Mimi nilimweleza jirani yangu haya yote kwa Kiswahili, tukingoja mvua ipungue ndipo twende nyumbani, naye akaandika jozi zote mbili mwenyewe. Kwa Kiingereza nilikuwa nimejaribu mara mbili nikashindwa, labda kwa sababu hata mimi nilikuwa nakariri.

Walimu wetu wa kemia, kwa heshima zote, nawaombeni mtuachie dakika kumi za kipindi tubishane kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Na mkisahihisha swali kama lile, mwanafunzi aliyechora mshale kuonyesha H⁺ imetoka wapi na kwenda wapi apewe alama, hata kama jina amelikosea.