Kamsa ya shule isiwe siri ya fundi

Mwaka jana nilialikwa katika shule moja ya bweni kuhudhuria sherehe ya kuwatuza wanafunzi. Hotuba zikiwa zimepamba moto, kamsa ya wezi ilianza kulia ofisini. Mwalimu mkuu alibonyeza nambari aliyoijua, naibu wake akabonyeza yake, karani naye akajaribu ya tatu. King'ora hakikunyamaza. Mwishowe bawabu alipanda ngazi, akazikata nyaya zake kwa koleo. Tulimpigia makofi, tukaendelea na sherehe.

Makofi yale yananisuta hadi leo. Shule ilikuwa imetumia fedha za wazazi kununua mtambo wa usalama, ilhali hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua jinsi ulivyopangwa. Aliyejua ni fundi, na fundi alikuwa amekwenda zake kitambo. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Mtambo wa namna hii si muujiza. Ndani ya sanduku la chuma mna paneli, ambayo ndiyo ubongo wake, pamoja na betri ya volti 12 ya kuukimu stima inapopotea. Vitambuzi vya milango, vya mwendo na vya moshi huunganishwa na paneli kwa makundi yaitwayo kanda. Ukutani huwekwa kibao chenye vibonyezo vya nambari na kioo kidogo cha maandishi. Mwenye nambari ya siri ya kawaida huuwasha mtambo na kuuzima, basi. Mwenye nambari ya fundi huingia katika menyu, na humo ndimo mnamoamuliwa kila jambo: kanda hii ni ya aina gani, anayeingia apewe sekunde ngapi kabla ya king'ora kulia, na rilei ipi itumikie kamsa ipi.

Rilei si kitu kigeni kwa mwanafunzi wa fizikia. Ni swichi inayoendeshwa na sumaku-umeme. Mkondo mdogo ukipita katika koili, kipande cha chuma huvutwa, na sakiti nyingine yenye mkondo mkubwa zaidi hufungika au hufunguka. Kwa njia hiyo paneli huweza kukiliza king'ora, kuwasha taa za uani, au kuachilia mlango ulioshikwa na kufuli la sumaku.

Sasa tazama hatari inavyoweza kujificha katika tarakimu moja. Kitambuzi cha moshi hakina budi kuwekwa katika kanda ya moto, ambayo hukesha saa 24, mtambo uwe umewashwa au umezimwa. Fundi mwenye haraka akikiacha katika kanda ya kawaida, kitafanya kazi wakati mtambo umewashwa tu. Lakini je, mtambo wa bwenini huzimwa lini? Huzimwa watoto wanapokuwa ndani, ili wasiuchokoze wakienda msalani usiku! Siku ya kukabidhi kazi utajaribiwa ukiwa umewashwa, utalia vizuri, na kila mtu atatia sahihi.

Mlango nao una mtego wake. Kufuli la sumaku hushika maadamu umeme unapita, na mlango huachiliwa umeme ukikatwa. Fundi mwangalifu huipanga rilei iwe imevutwa wakati wa amani na kulipitishia kufuli umeme. Moshi ukigunduliwa, au paneli yenyewe ikiungua, rilei huachia na mlango huwa huru. Asiye mwangalifu hufanya kinyume: rilei hungoja kuvutwa ndipo imkomboe aliye ndani. Paneli ikiungua kwanza, rilei itavutwa na nani? Mbaya zaidi ni rilei iliyoamriwa kufuata kamsa ya wezi peke yake. Moto hauitambui amri hiyo.

Hatuwezi kusema haya ni mambo ya mbali. Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umetiwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024 tuliwazika watoto 21 wa Endarasha, Nyeri. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Kufuli la sumaku lililopangwa vibaya ni kufuli lile lile la kale katika vazi jipya.

Yamkini atatokea wa kuniambia kuwa siri ikijulikana na wengi si siri tena, na kwamba wanafunzi watukutu wataichezea kamsa. Hoja hiyo ina uzito, ila inachanganya mambo mawili. Nambari ya siri ni ya wachache. Maarifa ni ya wote. Mwanafunzi anaweza kuelewa kazi ya rilei bila kupewa ufunguo wa menyu. Aidha, mwizi hahitaji mwanafunzi amfichulie siri pale ambapo nambari iliyotoka kiwandani, kama 1234, haijabadilishwa.

Kwa hivyo, shule isimlipe fundi salio lake kabla hajaandika katika karatasi aina ya kila kanda na kazi ya kila rilei. Nambari ya kiwandani ibadilishwe mbele ya mwalimu mkuu, na ile ya fundi iwekwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Mwalimu wa fizikia aifanye karatasi hiyo kuwa somo. Na kila muhula, mtambo ukiwa umezimwa kama ulivyo usiku, kitambuzi cha moshi kijaribiwe, wanafunzi wasikilize kama king'ora kinalia, na wausukume mlango kwa mikono yao waone kama unafunguka.

Usipofunguka, heri tujue mchana.