Feni ya Betri na Nguvu za Injini

Yapo matangazo yanayowafikia madereva na wenye magari, mengi yakipitia katika simu, yakinadi chombo kiitwacho supachaja ya umeme. Kwa sura ni feni ndogo ndani ya kibomba. Hupachikwa katika mpira upelekao hewa kwenye injini, nyaya zake mbili zikaungwa na betri, na tangu hapo, wasema wauzaji, gari litaongezeka nguvu na kula mafuta kidogo kwa wakati mmoja. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya injini, lakini si ndogo kwa mtu aishiye kwa mshahara, wala kwa dereva wa teksi anayesubiriwa na tajiri kila jioni kwa hesabu. Kwa hiyo yafaa tuulize waziwazi kama chombo hiki chaweza kuifanya kazi kinayosifiwa.

Asili ya jambo lenyewe si uongo. Injini hupata nguvu kwa kuchoma mafuta, na mafuta hayawaki bila hewa. Ukisukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda, ukaongeza na mafuta kwa kadiri yake, nguvu itazidi. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hati ya uvumbuzi wa tabo, pampu izungushwayo na moshi wa injini, tangu mwaka 1905. Na katika miaka ya 1920 kampuni ya Mercedes iliuza magari yenye pampu ya hewa iliyozungushwa na injini yenyewe. Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, mji ulio juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, ameionja tofauti. Hewa ya kule ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu 15 kwa mia, na injini isiyo na tabo hulegea kwa kadiri iyo hiyo.

Wako pia wapingao kwa hoja dhaifu. Husema kwamba umeme wa gari hutoka katika injini, basi hauwezi kuirudishia injini zaidi ya ulivyochukua. Hoja hii haisimami. Pampu ya hewa haizai nguvu; hufungua njia ili mafuta mengi zaidi yapate kuwaka, na nguvu hutoka katika mafuta hayo. Pampu ya mkanda nayo hula nguvu ya injini, na bado faida hubaki. La kuuliza ni kiasi cha umeme kinachohitajika, na kama gari la kawaida linacho.

Na tupige hesabu. Injini ya lita 2 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta kiasi cha lita 6,000 za hewa kila dakika, yaani lita 100 kwa kila sekunde moja. Kuibana hewa hiyo hadi msukumo wake upite ule wa kawaida kwa nusu, hata kwa pampu iliyoundwa vizuri, huhitaji karibu kilowati 9. Betri ya gari ni ya volti 12. Kilowati 9 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 700, tena bila kuhesabu umeme upoteao ndani ya mota. Altaneta ya gari dogo, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita dinamo, mara nyingi haitoi zaidi ya ampea 120, nayo ina taa, plagi na kompyuta ya injini za kulisha. Betri ya ampea 60 kwa saa, ikinyonywa kwa kiasi hicho, haimalizi dakika 5. Kila dereva ajua kwamba stata haishikwi muda mrefu, kwa maana nyaya hupata moto na betri huzimia. Na stata ya gari dogo hula kilowati moja au mbili tu.

Sasa itazamwe hiyo feni ya matangazo. Nyaya zake ni nyembamba kama za redio, na fyuzi yake ni ya ampea 15. Hizo ni wati 180, sehemu moja katika hamsini ya kilowati 9. Injini ikiwa katika mwendo mkubwa huvuta hewa kwa kasi kuliko feni iwezavyo kuileta, na hapo feni hugeuka kizuizi katika njia ya hewa. Bawa lake likikatika, njia yake ni moja tu, kuelekea ndani ya injini. Na fundi akutane nalo akiwa amefungua silinda hedi.

Hatusemi kwamba supachaja ya umeme haiwezekani. Mwaka 2016 Audi ilitoa gari la SQ7 lenye injini ya dizeli ya lita 4 na pampu ya hewa ya umeme yenye nguvu ya hadi kilowati 7, iliyofikia mizunguko 70,000 kwa dakika katika robo ya sekunde. Lakini angalieni masharti yake. Gari lile lilitiwa mfumo wa pili wa umeme wa volti 48, wenye betri yake peke yake. Tena pampu haikuachiwa kazi yote: ilisaidia kwa muda mfupi tu, dereva akanyagapo mafuta na tabo mbili za moshi bado hazijashika kasi, kisha ikanyamaza. Mwaka 2020 Audi iliiondoa injini hiyo katika SQ7, ikaweka ya petroli isiyo na pampu ya umeme. Volvo kwa shida hiyo hiyo iliona yatosha kutumia mtungi mdogo wa hewa iliyobanwa ili kuishtua tabo. Kama hao wenye viwanda na wahandisi tele wanaupima umeme kwa uangalifu namna hii, feni ya fyuzi ya ampea 15 itapata wapi uwezo?

Mwenye gari zito atapata faida ya hakika kwa chujio safi la hewa, plagi mpya, matairi yaliyojazwa sawasawa na breki zisizoburuta. Na Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina uwezo juu ya matangazo ya kupotosha, twaitaka iwadai wauzaji waandike juu ya boksi kilowati za mota na msukumo wa hewa unaopatikana injini ikifanya kazi. Hadi hapo mnunuzi ana haki ya kutaka chombo kifungwe pamoja na kipimo cha msukumo wa hewa, gari lipandishwe mlima mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi chini, na mshale usomwe kabla ya fedha kutolewa.