Usaili ni wa bure kwa nani?

Wadau, leo nina hoja moja tu, na naisemea hapa hapa Mikese, ambako malori ya barabara kuu hayalali lakini ajira za kuvaa tai zinapita bila kusimama.

Makampuni ya ukaguzi wa hesabu na ushauri wa kodi yanafanya usaili kwa gharama ya mtu asiye na kazi. Haya ni makampuni yanayouza muda. Mkaguzi anaandika kila saa aliyofanya kazi, na ada ya mteja inapigiwa hesabu humo. Hakuna anayejua thamani ya saa kuliko wao. Ila saa ya kijana anayeomba kazi? Sifuri!

Piga hesabu nami. Usaili uko Dar, saa mbili asubuhi. Kutoka hapa ni zaidi ya kilometa 150. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, inapakia Ngerengere na Morogoro mjini. Kwa hiyo kijana asafiri jana yake, alale kwa shangazi kama anaye. Akifaulu mtihani wa kuandika, aitwe tena kwa majadiliano ya kikundi, kisha tena kuonana na mabosi. Nauli mara tatu, za kukopa. Halafu kimya. Hata ujumbe wa "hukufanikiwa" hapati.

Najua jibu lao: waombaji ni wengi mno. Kweli. Juni 2014 zaidi ya watu 10,000 waliitwa Uwanja wa Taifa kugombea nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 TRA ilipata maombi zaidi ya 130,000 kwa nafasi 1,596. Lakini TRA iliweka vituo vya mtihani mikoani. Jamani, serikali tunayoisema kila siku kwa urasimu imeweza, ninyi mnaouza ushauri wa ufanisi mnashindwa nini?

Na msiniambie huku hakuna watu. Mzumbe, chuo kikuu tangu 2001, kipo mkoa huu huu na kinatoa wahasibu kila mwaka. Mitihani ya NBAA mtu anaweza kujisomea hata Mikese. Uzoefu wa kazi unaotakiwa ili asajiliwe CPA hawezi kujipa mwenyewe. Ukimfungia mlango huu wa kwanza, umemfungia taaluma nzima.

Halafu kuna yale maswali: "Umeolewa? Baba yako anafanya kazi wapi?" Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa ndoa, mimba na mahali mtu anakotoka, na kinagusa hata utaratibu wa kuajiri. Wakaguzi wanaokagua wenzao kama wanafuata sheria waanze na chumba chao cha usaili.

Ninachodai si sadaka. Raundi ya kwanza ifanyike kwa simu, au Morogoro mjini. Anayeitwa mara ya pili arudishiwe nauli. Aliyekosa aambiwe amekosa.

Vinginevyo mtaendelea kuajiri wenye shangazi Dar, kisha mtutangazie kwamba mmeajiri wenye vipaji.

Naomba kuwasilisha.