Kilomita peke yake hazitoshi, wasee wa Voi

Kila Jumapili simu zetu zinajaa picha zile zile: kilomita 10 kando ya barabara ya Mombasa, jasho, saa ya mkononi, halafu makofi. Poa. Mbio ni tamu na ni za bure. Lakini hebu mwambie huyo bingwa ajivute kwenye tawi la mwarobaini mara tatu. Mara tatu tu. Utamsikia akianza kucheka.

Tumelishwa hii stori kwamba Mkenya ni mbio, ukigusa chuma utakuwa mzito. Nani alisema? Kipchoge mwenyewe, jamaa wa 1:59:40 kule Vienna 2019, hufanya mazoezi ya nguvu na wenzake pale kambini Kaptagat. Shirika la Afya Duniani nalo lilisema 2020: mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, NA misuli ifanyishwe kazi angalau siku mbili. Hiyo sehemu ya pili ndiyo tunairuka. Misuli huanza kupungua polepole ukishavuka miaka 30 hivi, na mbio za tambarare hazijengi mabega wala mshiko wa vidole.

Utaniambia jim ni pesa. Sawa, lakini mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20, na uko kwenu. Beba mmoja kila mkono, nenda hadi kwa geti, rudi. Tuongee baadaye.

Na milima je? Hapa ndipo nakasirika. Voi iko kama mita 600 juu ya bahari, Vuria ni 2,208. Ni matatu ya Wundanyi tu! Watu wanatoka mbali kuja kupanda Kasigau, sisi tunaitazama tukiwa dirishani. Kupanda kunachoma mapaja na nyonga, kushuka ndiko kunafunza goti kushika breki, na kwenye mawe mikono nayo inaingia kazini. (Mwamba wima bila kamba na mtu anayejua, achana nao. Laiki haziungi mfupa.)

Kina mama kule juu hupandisha kuni mgongoni kwenye miteremko ambayo sisi tungesimama kupumua. Sisemi ni starehe, migongo yao inaumia. Lakini usiniambie eti kujenga nguvu ni mambo ya Nairobi.

Wiki yangu: mbio siku tatu, mtungi na tawi siku mbili, kilima Jumamosi. Unapinga? Karibu, ila kwanza niambie umejivuta mara ngapi.