Sauti ya Mtoto Isifungiwe Kwenye Kishikwambi

Mwezi uliopita nilikaa siku tatu kwenye semina ya walimu wa sanaa wa shule za msingi. Mada ilikuwa matumizi ya teknolojia katika maigizo ya watoto. Siku ya kwanza walimu walifundishwa kurekodi sauti kwa kishikwambi, ya pili kuihariri. Siku ya tatu wakaletwa watoto: maneno yote yalitoka kwenye spika, wao wakachezesha midomo tu. Mwezeshaji akapiga makofi. Mimi nilitoka na hasira ambayo haijaisha mpaka leo, kwa sababu mafunzo ya namna hii yanamfundisha mwalimu kuua maigizo.

Vifaa vyenyewe sivikatai. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na asiyejua kuvitumia asaidiwe. Ni kweli pia kwamba kwenye uwanja wa shule, upepo ukivuma, mtoto wa darasa la tatu hasikiki nyuma. Basi apewe kipaza sauti, na afundishwe kutoa sauti.

Mwaka 1996 Amandina Lihamba na Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa maigizo kwa wasichana wa sekondari, wakauita Tuseme. Wasichana walichambua wenyewe yanayowakwamisha shuleni, wakayatungia igizo, wakaliigiza mbele ya hadhira, kisha mjadala ukafuata. Jina la mradi limebeba kazi yote. Msichana aliyezoea kunyamaza alisema mbele ya watu wazima, nao wakalazimika kumjibu.

Sasa mtazame mtoto wa ile semina. Watu walicheka, rekodi haikusubiri, sentensi mbili zikapotelea kwenye kicheko. Mwigizaji hai angenyamaza kidogo, akaendelea kicheko kikitulia. Hapo ndipo mtoto anapojifunza kuisoma hadhira. Binti mmoja alichelewa kufungua mdomo, sauti yake ikasema bila yeye, akabaki amesimama anaisikiliza. Nilimuuliza mwezeshaji: mzazi akiuliza swali baada ya igizo, nani atajibu, spika? Akaniambia hilo halimo kwenye ratiba. Halimo! Siku tatu za kukata na kuunga sauti, na hakuna hata saa moja ya kumwandaa mtoto kujibu swali.

Kishikwambi kina kazi nzuri katika mazoezi. Mwalimu awarekodi watoto, wakae pamoja watazame: huyu amewapa watazamaji mgongo, yule anameza mwisho wa maneno. Warudie, warekodiwe tena, walinganishe. Siku ya onyesho kiwekwe kando, watoto waseme wenyewe. Mafunzo hayo yanatosha siku moja.

Ninyi mnaoandaa semina zijazo, nawaomba: waleteni watoto siku ya kwanza, muwasikilize kabla hamjawasha kifaa chochote.